Uzi: Kiungulia sugu na ngiri ya kiwambo, namna ya kuishi nayo bila kupasuliwa

Fundi wa Langoni (mleta uzi)

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Lamu, Malindi na kwingineko. Nafungua uzi huu kwa sababu kila nikikaa barazani namsikia mtu akilalamika kwamba kifua chamchoma, na jibu analopewa ni lile lile: "Hivyo ni vidonda vya tumbo, nunua dawa." Anameza, anapata nafuu, inamrudia, na hakuna aliyemweleza kinachoendelea ndani ya mwili wake.

Mimi nina kiungulia cha miaka mingi. Kamera niliyoingizwa kooni kule Mombasa ilionyesha nina ngiri ya kiwambo, ile ambayo kwenye ripoti huandikwa henia ya hayatasi. Daktari alinieleza kwamba yangu ni ya aina ya kuteleza, ambayo ndiyo iliyoenea kuliko zote, ni ndogo na haihitaji kisu. Alhamdulillahi, siku hizi nalala usiku mzima. Nitaandika ninachofanya pamoja na sababu yake, maana ukiijua sababu utaweza kupanga mambo kulingana na nyumba yako na kazi yako.

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uitwao kiwambo, huo ndio unaotuvutia pumzi. Umio, yaani njia ya chakula, hupita kwenye tundu la kiwambo hicho kabla ya kuingia tumboni. Mwisho wa umio pana msuli wa mviringo unaofunga njia, na kiwambo nacho huubana kwa nje. Ni vifungo viwili mahali pamoja. Ngiri ikitokea, sehemu ya juu ya tumbo hupanda kifuani kupitia tundu lile, na vile vifungo viwili huachana, kimoja kikawa juu na kingine chini. Kila kimoja kikibaki peke yake hakina nguvu, na tindikali hupata njia ya kupanda.

Hapa ndipo nataka tuelewane sana. Vidonge kama omeprazole hupunguza tindikali, lakini havifungi mlango. Kinachopanda kitaendelea kupanda, ila hakitachoma kama awali. Ndiyo maana utamwona mtu yuko kwenye dawa muda mrefu na bado anakohoa usiku, sauti imemkauka, anaamka na maji mdomoni. Mtungi usio na kizibo ukiulaza humwagika, hata ulichotia kikiwa maji matamu. Basi kazi kubwa iko kwenye mkao wa mwili, kiasi cha chakula na wakati wa kula. Dawa ni msaidizi.

Nianze na kitanda, kwa sababu ndicho kilichonirudishia usingizi. Miguu ya upande wa kichwani iinuliwe sentimita 15 hadi 20, kitanda chote kiwe na mteremko. Mito haifanyi kazi hiyo. Ukijirundikia mito mitatu, shingo hupinda, kiuno hukunjika na tumbo hubanwa zaidi. Mimi nimechonga vigogo viwili vya mwembe, kila kimoja nimekichimba kishimo juu, mguu wa kitanda ukaingia humo usiteleze. Tafadhali msiweke matofali matupu, usiku mtu akigeuka kitanda huweza kuanguka. Anayelala chini kwenye godoro amwombe muuza magodoro amkatie sponji la mshazari, refu la kutoka kiunoni hadi kichwani, si la kichwa peke yake.

Kisha lalia ubavu wa kushoto. Kwa jinsi tumbo lilivyokaa, ukilalia kushoto ile sehemu umio unapoingilia hubaki juu ya kilichomo tumboni. Ukilalia kulia, tindikali huikaribia.

Kwenye chakula sitawaambia muache wali wa nazi. Tatizo kubwa ni wingi na saa. Tumbo likijaa sana hujivuta na ule msuli wa mwisho wa umio hulegea. Mafuta mengi nayo hukawiza chakula kutoka tumboni. Kwa hiyo chakula kizito nakila mchana: wali, samaki wa kupaka, ukiwa upo. Jioni naswali Magharibi, nakula kidogo mwendo wa saa moja, samaki wa kuchoma na muhogo wa kuchemsha au uji wa mtama, kisha silali mpaka saa nne. Hizo saa tatu kati ya chakula na kitanda ni amana, msizichezee. Baada ya Isha natembea Usita wa Mui mpaka mwisho na kurudi, polepole, maana kutembea huku umesimama wima kunasaidia chakula kushuka. Mazoezi ya kuruka na kuinama wakati umeshiba hayafai.

Kuhusu vyakula vinavyochokoza, kila mtu ana vyake. Vinavyotajwa na waganga wengi ni kahawa, chokoleti, mnanaa, kitunguu kibichi, nyanya, ndimu, pilipili na vya kukaanga. Mimi achari ya ndimu hainipendi kabisa, na viazi vya karai vyenye ukwaju nimeviaga. Kahawa tungu ya kwenye dele naweza kunywa kikombe kimoja nikiwa nimeshakula, tumbo tupu sithubutu. Lakini mke wangu mwenye kiungulia anakula achari bila shida, akigusa mahamri ndipo kifua kinawaka. Andika kwenye karatasi ulichokula na kilichokupata, utajijua. Kuacha kila kitu kwa pamoja kunadhoofisha mwili bure.

Arusini ndiko kwenye mtihani, sinia la pilau, watu wanne watano, na mwenyeji anakuhimiza ule. Mimi nakula polepole, tonge ndogo, nazungumza sana, na mkono hautoki kwenye sinia mapema. Hakuna anayeona nimekula kiasi gani, wala hakuna anayevunjika moyo.

Kazi nayo ina sehemu yake. Sisi wachonga milango hukaa chini tumejikunja, ubao mapajani, kutwa nzima. Mkao huo huminya tumbo kuelekea juu. Nimeinua ubao kwenye meza, nachonga nimesimama au nimekaa kigodani mgongo ukiwa wima. Wanaobeba mizigo wasibebe wakiwa wameshiba, na wakiinua kitu wapinde magoti, wasijikunje kiunoni. Kikoi nacho kifungwe chini ya tumbo, kilegezwe. Mshipi uliokazwa na nguo za kubana za akina mama, vyote huongeza msukumo. Sigara hulegeza ule msuli. Uzito ukizidi, hasa wa tumbo, kupunguza kilo chache kuna faida kubwa kuliko vitu vingi vinavyouzwa chupani.

Jambo la mwisho kwa leo ni pumzi. Kuna utafiti mdogo wa Austria, ulichapishwa 2012, ambapo watu wenye kiungulia walifundishwa kupumua kwa kiwambo, na waliofanya mazoezi hayo walipata nafuu. Lala chali au kaa wima, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni, vuta pumzi puani mpaka mkono wa tumboni unyanyuke na wa kifuani utulie. Yafanye tumbo likiwa halina chakula kingi. Mazoezi haya hayarudishi ngiri mahali pake, yanaupa nguvu msuli uliobaki na kazi.

Karibuni tuongeze.

Bi Mkubwa wa Mambrui

Waaleikum salaam mwanangu, Mungu akuafu. Mimi natumia habasoda na asali asubuhi, na usiku maziwa ya moto nikichomwa. Pia mkandaji wetu hunishusha tumbo kwa mafuta ya nazi. Unasemaje? Halafu hilo la kulalia kushoto limenitatiza, sisi tumefunzwa sunna ni kulalia kulia.

Fundi wa Langoni

Shikamoo mama. Habasoda na asali ukiona haikudhuru, endelea, ila usiache dawa ya daktari kwa ajili yake. Maziwa hutuliza kwa muda, kisha tumbo hutoa tindikali tena, na ukiyanywa usiku wa manane unalala na tumbo lenye kitu. Kukandwa mgongo na miguu sina neno. Kubinywa tumbo la juu kwa nguvu naomba uache, kwa sababu tundu liko ndani kwenye kiwambo, vidole havifiki, na kubinya kunasukuma tumbo juu.

Kuhusu sunna, mimi naanza kulia, nasoma dua zangu, kisha nageuka kushoto ndipo nashikwa na usingizi. Muulize na sheikh wako moyo utulie. Mgonjwa dini haikumfungia.

Baharia wa Kizingitini

Ahsante kaka kwa uzi. Sisi tunaokwenda baharini usiku mambo ni magumu. Tunakula tukipata, tunalala tukipata, juu ya sitaha. Mirungi ndiyo inayotuweka macho, na soda pamoja. Mgongo ukiuma tunameza diklofenaki. Kifua changu kinawaka alfajiri mpaka machozi yanatoka. Nimezoea Eno, inanifanya nicheue napata raha.

Tabibu wa Barani

Naomba nimjibu baharia, niko Malindi na kazi yangu ni zahanati.

Ndugu, diklofenaki na ibuprofen hukwangua utando wa tumbo na zinaweza kuleta vidonda vinavyovuja damu. Ukizichanganya na tumbo tupu, soda na kukesha, unajiongezea hatari. Mwambie tabibu wako akupe paracetamol au njia nyingine ya mgongo. Mirungi inakunyima chakula mchana, usiku unakula kwa pupa, na soda inalijaza tumbo hewa. Ukiweza kuacha, acha. Usipoweza leo, anza kwa kuondoa soda na kula kidogo kabla ya kwenda baharini.

Eno hufanya kazi haraka kwa dakika chache, lakini ina chumvi nyingi ya sodiamu, mwenye presha au ugonjwa wa figo asiizoee. Kwa alfajiri kama hiyo yako dawa ya maji yenye aljineti ni bora zaidi. Hiyo huunda povu zito linaloelea juu ya chakula, pale pale tindikali inapojikusanya baada ya mlo. Hunywewa baada ya kula na kabla ya kulala, wala usishushie na maji mengi. Na ukijilaza sitahani weka makoti ya mvua na majamvi chini ya mgongo mpaka kichwani, upate mteremko.

Sasa omeprazole, esomeprazole na ndugu zake, maana hapa naona watu wengi wananunua dawa nzuri na kuitumia isivyo. Dawa hizi huzima pampu za tindikali zinapoamshwa na chakula. Kwa hiyo unameza dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, kisha unakula. Ukimeza unapokwenda kulala, au baada ya kushiba, nguvu yake nyingi inapotea. Matibabu ya kawaida huanza kwa wiki 4 hadi 8 kila siku, si leo unameza na kesho unaacha. Ukitaka kuacha baada ya kutumia muda mrefu, usikate ghafla. Tumbo huwa limejiandaa kutoa tindikali nyingi na kiungulia kitarudi kwa kishindo, mtu akadhani ugonjwa umezidi. Punguza dozi taratibu ukiwa na tabibu, na hapo katikati tumia ile aljineti.

Je, zina madhara? Zikitumika miaka, vitamini B12 na magnesiamu huweza kupungua, na wazee mifupa iangaliwe. Hayo si sababu ya mtu mwenye umio ulioungua kuacha dawa kwa hofu. Ni sababu ya kutumia dozi ndogo inayotosha na kupimwa mara kwa mara. Wengine mnaulizia ranitidine ya zamani. Iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya uchafu wa NDMA (kemikali inayoshukiwa kuleta saratani) uliokuwa ukiongezeka ndani yake, na mahali pake siku hizi hutumika famotidine.

Neno moja kuhusu bakteria wa H. pylori. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria huyu ndiye anayesababisha vidonda vingi vya tumbo. Akipatikana atibiwe. Lakini yeye si chanzo cha tindikali kupanda kifuani, na mwenye ngiri anaweza kumaliza antibayotiki zote na bado akawa na kiungulia. Na kama unaenda kupimwa kwa choo au pumzi, omeprazole iachwe wiki 2 kabla, la sivyo kipimo huweza kusema huna bakteria hali unao.

Mwalimu wa Shela

Swali langu ni la Ramadhani. Kila mwaka nateseka. Futari yetu mnaijua: sambusa, kaimati za shira, viazi, mbaazi, na uji. Halafu tarawehe, kila nikienda rukuu na sijida tindikali yanifika kooni. Daku nikila nalala, Alfajiri naamka nikiwa kama nimemeza moto. Nifunge au nisifunge?

Fundi wa Langoni

Mwalimu, mimi nafunga, na daktari wangu aliniruhusu. Mwenye vidonda vinavyovuja au anayetapika lazima aulize kwanza.

Nafungua kwa tende na maji, na hapo hapo nameza kidonge changu. Naenda kuswali Magharibi. Nikirudi nusu saa imeshapita, dawa imepata wakati wake, ndipo nakula. Nakula futari ndogo: uji, mbaazi, samaki. Sambusa moja, si sinia. Vya kukaanga na shira ndivyo vinavyopanda kwenye sijida. Tarawehe naiswali tumbo likiwa jepesi. Ikinizidia naswali nimekaa, ni ruhusa ya mgonjwa. Baada ya tarawehe sili chakula kikubwa tena, ila maji na tunda, kwa sababu usingizi uko karibu.

Daku ndiyo shida kubwa kwa sababu tunakula na kulala. Nakula daku kidogo mwisho wa wakati wake, naswali Alfajiri, nakaa na Qur'ani, kisha nashuka pwani kutembea mpaka jua linyanyuke. Nikihitaji usingizi naupata kabla ya Adhuhuri au baada yake. Familia nzima imezoea sasa, na watoto wanapenda kuongozana nami.

Tabibu wa Barani

Naunga mkono mpango huo wa dawa na tende. Kama umeandikiwa mara mbili kwa siku, ya pili imezwe nusu saa kabla ya daku.

Kaskazi Maweni

Nimefuatilia tangu mwanzo. Baba yangu ana miaka 63, yuko Malindi, ana kiungulia cha zamani. Miezi ya karibuni sima inamkwama, anashushia na maji. Amekonda. Yeye asema ni ile ngiri tu, na hataki kusikia habari ya hospitali kwa sababu anaogopa watampasua. Pia anameza amlodipine ya presha. Nifuate haya ya kitanda kwanza?

Tabibu wa Barani

Hapana, ndugu yangu. Kitanda kiinue, lakini baba apelekwe kwenye kamera, na msikawie. Chakula kukwama na mtu kukonda si kiungulia cha kawaida. Huenda umio umekuwa mwembamba kwa makovu ya tindikali, nao unaweza kupanuliwa kwa kamera bila kupasuliwa. Huenda pia ni saratani ya umio, ambayo Kenya tunaiona sana, na ikikutwa mapema nafasi ya kutibika ni kubwa zaidi. Kwa wengine nao: kutapika damu, choo cheusi, upungufu wa damu usio na sababu, kutapika mfululizo, yote hayo ni ya hospitali. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, na jasho, chukulieni ni moyo mpaka ithibitishwe vingine. Na mwenye ngiri kubwa akipata maumivu makali ya ghafla juu ya tumbo, anataka kutapika na hakitoki kitu, tumbo huenda limejinyonga. Hapo kisu ni cha dharura na hakuna cha kusubiri asubuhi.

Kwa ngiri ndogo ya kuteleza upasuaji si hatua ya kwanza. Hufikiriwa pale dawa zilizotumika sawasawa zimeshindwa, au mtu ni kijana hataki vidonge maisha yote, au ngiri ni kubwa ya kupanda kando ya umio na inamletea dalili. Mweleze baba kwamba kamera ni ya kutazama na kuchukua kipande kidogo cha nyama, haimlazimishi kupasuliwa.

Amlodipine huweza kulegeza ule msuli wa umio, lakini asiache mwenyewe hata siku moja, presha ikipanda ni hatari kuliko kiungulia. Mtajie daktari, kuna dawa nyingine anazoweza kumbadilishia. Na chai yake ipoe kidogo kabla hajainywa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 miongoni mwa vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani ya umio.

Kaskazi Maweni

Nimemsomea yote hayo, amekubali kwenda. Siku ya kamera nimwandae vipi?

Tabibu wa Barani

Alhamdulillahi. Asile chochote kwa muda wa saa 6 kabla ya kamera, maji aache kwa muda wa saa 2 kabla, isipokuwa hospitali imempa maelekezo mengine. Dawa ya presha aulize kama aimeze asubuhi kwa funda la maji. Chukua orodha ya dawa zake zote, hasa kama anatumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda, na uwaambie kama ana meno ya bandia. Akidungwa sindano ya usingizi hataweza kurudi peke yake, kwa hiyo uwe naye mpaka nyumbani, na siku hiyo asiendeshe chombo. Wakimaliza, omba ripoti iliyoandikwa na uliza lini majibu ya kile kipande yatakuwa tayari. Ukishayapata niandikie hapa.

Kaskazi Maweni

Insha'Allah tutakwenda Jumatatu. Nitaleta majibu.